Fiksa iliyotumika isimwagwe sinkini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Ninawaandikia wanaosafisha filamu na kuchapa picha nyumbani, pamoja na wanaowauzia dawa. Maelekezo ya kusafisha filamu yamejaa kila mahali: joto la dawa, dakika ngapi, tangi litikiswe vipi. Lakini ukiuliza dawa iliyokwisha kutumika iende wapi, mara nyingi unapewa sentensi moja tu: mwaga sinkini, fungulia maji mengi. Sentensi hiyo ni nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayodhuru.

Tatizo linaanzia machoni. Develapa, dawa inayotokeza picha kwenye filamu, ikichoka hugeuka kahawia kama chai ya rangi, hunuka na kutia madoa vidoleni, kwa hiyo watu huiogopa. Fiksa, dawa inayoiacha picha ikiwa ya kudumu, hubaki angavu hata ikiwa imeshiba, kwa hiyo humwagwa bila wasiwasi. Kumbe katika dawa tatu za kawaida za picha nyeusi na nyeupe, yaani develapa, asidi ya kusimamisha kazi ya develapa, na fiksa, ni hii ya mwisho inayobeba madini ya fedha kwa kiasi cha kujali. John Herschel aligundua mwaka 1819 kwamba thaiosalfeti, kemikali kuu ya fiksa, huyeyusha chumvi za fedha, na tangu ianze kutumika kwenye picha mwaka 1839 kanuni haijabadilika. Iwe ni fiksa ya sodiamu, iitwayo “hypo”, au fiksa ya haraka yenye amonia, fedha yote ambayo haikugeuzwa kuwa picha hutoka kwenye filamu na kuhamia kwenye dawa. Lita moja ya fiksa ya haraka iliyochanganywa kwa kipimo cha filamu hutosha takriban filamu 20 hadi 24 za milimita 35 zenye picha 36. Mwisho wa kazi hiyo, lita hiyo inaweza kuwa na gramu 4 za fedha, pengine zaidi.

Wapo wanaosema hofu hii imekuzwa, na hoja yao ina msingi. Fedha iliyo huru majini ni sumu kali kwa vijidudu, mwani na viumbe wadogo wanaoliwa na samaki, lakini ndani ya fiksa haiko huru. Imeshikwa na thaiosalfeti, na sumu yake hupungua sana. Ikifika kwenye mtambo wa maji taka unaofanya kazi vizuri, hugeuka salfaidi ya fedha isiyoyeyuka na kutua kwenye tope. Sawa. Lakini hoja hiyo inahitaji mtambo. Haimsaidii mwenye karo (tangi la maji taka la nyumbani) au shimo nyuma ya nyumba, wala mtaro wa mvua unaokwenda moja kwa moja mtoni, wala mwenye kisima jirani. Karo huishi kwa bakteria, na bakteria ndio wa kwanza kuumizwa na fedha. Hata penye mtambo, tope hilo nalo lazima liende mahali fulani, na fedha iliyomo huenda nalo. Kwa kulinganisha tu, Marekani huhesabu taka inayotoa fedha miligramu 5 kwa lita au zaidi katika kipimo chao kuwa taka hatari. Gramu 4 kwa lita ni mara 800 ya hapo.

Kwa hiyo fiksa iliyotumika iwe na chombo chake peke yake. Usitumie ndoo moja ya taka zote, na sababu ni za kikemia. Develapa ni ya alikali. Ukiichanganya na fiksa ya amonia, gesi ya amonia hutoka na kuchoma macho na koo. Asidi nayo ikizidi kwenye fiksa, thaiosalfeti huvunjika. Dawa huwa nyeupe kama imechanganyika na vumbi, salfa hutua chini, na hutoka gesi ya salfa dioksaidi inayobana kifua, hasa cha mwenye pumu. Hatari kubwa kuliko zote ni jiki. Jiki ikikutana na asidi ya kusimamisha hutoa gesi ya klorini, na ikikutana na fiksa ya amonia hutoa kloramini. Sinki au trei ambayo mara huoshwa kwa jiki na mara hupokea dawa za picha ni ajali inayosubiri siku yake. Trei zisuguliwe kwa maji na sabuni ya kawaida, basi.

Chombo kiwe galoni la plastiki nene lenye mfuniko wa kuzungusha. Kisiwe cha bati wala chuma, maana fiksa hula chuma, na kamwe isiwe chupa iliyowahi kuwa na soda au maji ya kunywa. Acha nafasi ya hewa kiasi cha moja ya tano. Andika juu yake kwa kalamu isiyofutika: FIKSA ILIYOTUMIKA, INA FEDHA, SI YA KUNYWA, pamoja na tarehe ulipoanza kuijaza. Kiwekwe chini sakafuni na si rafuni, mbali na watoto na mbali na jiko.

Kuna swali la lini fiksa imekwisha, na hapa wengi hupoteza dawa kwa kubahatisha. Kata kipande cha ncha ya filamu, kitumbukize kwenye fiksa mpya ukiwa kwenye mwanga wa kawaida, hesabu sekunde hadi kiwe angavu, kisha andika. Rudia kila baada ya filamu chache kwa filamu ya aina ileile. Muda ukifika mara mbili ya ule wa kwanza, fiksa imeshiba na iende galoni. Kwa kipimo hicho, anayesafisha filamu mbili kwa wiki hujaza kama lita nne na nusu kwa mwaka. Si mzigo wa kumshinda mtu kuuhifadhi.

Mahali bora pa kuipeleka ni kwa mtu anayetoa fedha kwenye fiksa kwa kazi: maabara ya picha ambayo bado inasafisha filamu, kituo cha kupokea taka hatari za nyumbani, au hospitali na kliniki ya meno inayosafisha filamu za eksirei kwa dawa. Filamu za eksirei zina fedha nyingi, na zinaposafishwa kwa wingi mara nyingi huwapo mtu anayekuja kuikusanya fiksa yao. Piga simu kwanza. Waulize wanapokea kiasi gani, na kama wanataka fiksa ya filamu peke yake bila mchanganyiko.

Pasipo na mtu wa kuipokea, fedha inaweza kutolewa nyumbani kwa chuma. Njia hii ni ya zamani na kemia yake ni nyepesi: chuma huingia kwenye dawa, fedha huachia na kutua. Zinahitajika nyuzi laini za chuma, stiliwuli, zisizo na sabuni. Zile ngumu zinazong'aa za kusugulia sufuria ambazo hazioti kutu hazifai kabisa. Ukiwa na shaka, loweka uzi mmoja kwenye maji yenye chumvi usiku kucha. Ukiota kutu ndio wenyewe. Osha nyuzi kwa maji ya moto na sabuni ili mafuta ya kiwandani yatoke, suuza vizuri, kisha zichambue ziwe wazi badala ya kuwa donge. Tumia gramu 15 hadi 20 kwa kila lita. Kwa hesabu ya kemia, gramu moja ya chuma ingetoa karibu gramu nne za fedha, lakini sehemu kubwa ya chuma huliwa na asidi na hewa kabla haijafanya kazi hiyo, kwa hiyo usibane.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni pH, yaani kipimo cha asidi na alikali. Chuma hufanya kazi vizuri kati ya 4.5 na 6.5. Fiksa nyingi za haraka ziko humo tayari. Ikishuka chini ya hapo, nyuzi huyeyuka upesi na fedha hubaki palepale. Ikipanda juu, kazi hudorora hadi kusimama, na hiyo ni sababu nyingine ya kutomimina develapa kwenye galoni hili. Wanaotumia fiksa za alikali waishushe kwa asidi ya sitriki au siki, kidogo kidogo huku wakikoroga na kupima kwa karatasi ya pH, wakiishia kwenye 6. Ukiona weupe unaanza au unasikia harufu ya kibiriti, umezidisha. Acha hapo hapo, fungua madirisha.

Tumbukiza nyuzi zote zizame, ukizibana kwa kitu cha plastiki, kwa sababu zinazoelea huota kutu badala ya kubadilishana na fedha. Funika bila kukaza, maana chuma kwenye asidi hutoa haidrojeni, na galoni lililokazwa linaweza kuvimba. Koroga mara moja kwa siku, siku mbili hadi tatu. Nyuzi zitakatikakatika na tope jeusi la kijivu litatua chini. Hilo tope ndilo fedha, ingawa halifanani nayo hata kidogo. Acha litulie, kisha mimina dawa iliyo juu kwenye ndoo ya pili yenye nyuzi mpya, siku mbili tatu tena. Ndoo hii ya pili isirukwe, kwa sababu ya kwanza huondoa fedha nyingi lakini nyuzi zikishaanza kuisha huacha ya mwishomwisho ipite.

Kuhusu kupima, ni vizuri kuwa wakweli. Waya wa shaba uliosuguliwa kwa msasa hadi ung'ae, ukikaa kwenye fiksa yenye fedha dakika tano hadi kumi, hufunikwa rangi ya kijivu cheupe. Baada ya ndoo ya pili unapaswa kutoka na wekundu wake. Zipo pia karatasi za kupimia fedha, lakini za kawaida husoma kuanzia nusu gramu kwa lita, yaani miligramu 500. Karatasi isiyobadilika rangi haimaanishi kwamba dawa ni safi. Inamaanisha tu kwamba fedha iko chini ya kile inachoweza kuona, na hapo bado unaweza kuwa mbali sana na miligramu 5. Anayetaka uhakika apeleke sampuli maabara. Ndiyo maana njia ya chuma naiweka ya pili baada ya kumpelekea mkusanyaji, na si badala yake.

Tope lichujwe kwa kitambaa kizito au karatasi ya kuchujia kahawa, likaushwe kivulini na kuwekwa kwenye chupa ya plastiki yenye jina. Likusanye mwaka mzima, kisha mpelekee mtu anayesafisha madini. Usijaribu kuliyeyusha mwenyewe, maana lina salfa na chuma, na moshi wake si wa kuvuta. Maji yaliyobaki, ambayo sasa yana rangi ya kutu, yaingie kwenye bomba la maji taka la mji kidogo kidogo pamoja na maji mengi. Yatatia madoa sinki usipoisuuza papo hapo.

Sasa maji ya kuoshea, ambayo karibu kila mtu huyasahau. Chukua tangi la filamu mbili linaloingia mililita 600. Baada ya kumimina fiksa yote, kwenye spuli inayoshika filamu, kwenye kuta za tangi na ndani ya jelatini ya filamu hubaki kama mililita 20. Fiksa ikiwa na gramu 4 kwa lita, hizo mililita 20 zina miligramu 80 za fedha. Jaza maji, pinduapindua, subiri: maji hayo ya kwanza yana miligramu 133 kwa lita. Yatoe, jaza tena: ya pili yana karibu 4.4. Ya tatu yana 0.15. Kwa hiyo uchafu wote, tuseme hivyo, uko kwenye ujazo wa kwanza. Anayeacha bomba likitiririka juu ya tangi kwa dakika kumi hajapunguza hata miligramu moja ya fedha. Ameisambaza tu kwenye makumi ya lita ambazo hakuna awezaye kuzikusanya tena.

Njia nzuri ni kuwa na chupa mbili za mililita 600, A na B. Filamu ikitoka kwenye fiksa, ioshwe kwanza kwa maji ya A, pindua tangi mara kumi, acha dakika mbili, rudisha maji chupani. Kisha maji ya B, vilevile, nayo yarudi chupani. Baada ya hapo ndipo ufuate maji mapya. Mfululizo wa kampuni ya Ilford unatosha kwa fiksa isiyo na kigandishi, yaani dawa ya kukaza jelatini: jaza, pindua mara 5, mwaga, jaza, pindua mara 10, mwaga, jaza, pindua mara 20, mwaga. Maji hayo matatu ndiyo yanayokwenda sinkini. Baada ya filamu kumi, yaani matangi matano, A itakuwa na karibu miligramu 600 kwa lita na B karibu 60. Mimina A kwenye galoni la fiksa, ifanye B kuwa A, na ujaze B mpya. Kwa mpangilio huu, maji ya kwanza kwenda sinkini huwa na kama miligramu 2 kwa lita, na galoni huongezeka mililita 600 tu kwa kila filamu kumi. Maji yawe na joto lisilopishana na la dawa kwa zaidi ya nyuzi 5, vinginevyo jelatini hukunjamana.

Kwa picha za karatasi kanuni ni hiyohiyo, ila karatasi ya nyuzi hunywa dawa nyingi kuliko ile yenye tabaka la plastiki. Inyanyue kwa pembe moja, iache ichuruzike hadi matone yaachane, sekunde 15 au zaidi, ndipo uihamishe. Tumia fiksa mbili mfululizo: ya kwanza hubeba fedha karibu yote, ya pili hubaki safi, na kinachoingia kwenye maji kinakuwa kidogo. Trei ya maji yaliyotulia unayowekea picha zikisubiri kuoshwa ni sawa na chupa A, kwa hiyo isimwagwe ovyo. Kwa karatasi ya nyuzi iliyopita fiksa kali kwa dakika moja, osha dakika 5, iweke dakika 10 kwenye dawa ya salfaiti ya kusaidia kuosha, kisha osha tena dakika 5. Haihitaji maji yanayotiririka saa nzima.

Develapa na asidi ya kusimamisha ni rahisi zaidi. Zikusanye kwenye ndoo moja pana baada ya kazi, ukimimina asidi polepole kwenye develapa. Develapa zenye kaboneti hutoa povu la kaboni dioksaidi, kwa hiyo ndoo isijae zaidi ya nusu. Lengo ni pH kati ya 6.5 na 8.5. Kisha mimina kwenye bomba la maji taka pamoja na maji ya kufulia au ya kuogea, kiasi cha ndoo ya lita 20 kwa kila lita moja ya dawa. Haidrokwinoni, kemikali iliyomo kwenye develapa nyingi, ni sumu kali kwa samaki, ingawa huvunjwa haraka na bakteria wa mtambo wa maji taka, kwa hiyo mtaro wa mvua ni marufuku hata kwa develapa iliyochakaa. Anayetaka kuikwepa anaweza kutumia develapa za askobati. XTOL ya Kodak, iliyotoka mwaka 1996, haina haidrokwinoni wala metoli, kemikali nyingine ya develapa. Vaa glavu za nitraili hata kwa develapa iliyotumika, maana metoli huwapa baadhi ya watu mzio wa ngozi ambao ukishaanza hauondoki.

Mwenye karo au shimo asimimine dawa yoyote humo, hata iliyosawazishwa. Akusanye zote, kila moja na galoni lake, na kuzipeleka kwenye mfumo wa mji au kwa mkusanyaji. Maji ya mwisho ya kuoshea tu ndiyo yanaweza kwenda kwenye karo. Wala fiksa isimwagiwe mimea. Ni kweli amonia thaiosalfeti hutumika kama mbolea, lakini hiyo ni ile mpya isiyo na fedha.

Dawa nyingine hazina njia ya nyumbani. Tona ya seleniamu, dawa ya kubadili rangi ya picha, ichujwe, iongezewe nguvu na kutumika tena miaka mingi, na siku ikifa ipelekwe kama taka hatari. Blichi ya daikromati, dawa ya kuondoa picha ya fedha, ina kromiamu inayosababisha saratani. Asiye na mahali pa kuipeleka asiinunue. Ferisayanaidi, kemikali ya blichi nyingine ya picha, isikutane na asidi kali wala joto, kwa kuwa inaweza kutoa gesi ya sayanaidi. Dawa ya picha za rangi inayounganisha blichi na fiksa ina fedha pia, lakini usiitie stiliwuli: chuma kilichomo hushambulia nyuzi na kuiyeyusha fedha upya. Ikusanywe.

Ombi langu, kupitia gazeti lako, ni kwa wauza dawa za picha. Anayeuza chupa ya fiksa awe tayari kupokea iliyotumika. Galoni moja la lita 20 nyuma ya duka, lenye jina na kitabu cha kuandika nani ameleta lita ngapi, linatosha wateja wengi, na likijaa lina gramu 60 hadi 80 za fedha ambazo msafisha madini anaweza kuzilipia. Na kwa halmashauri za miji: tangazeni kwa maandishi ni kituo kipi kinapokea dawa za picha za nyumbani, siku zipi, na kwa vyombo vya aina gani.

Wako msomaji,
Msafisha filamu